Rosalia wa Singe

Vanishi ya jeneza la baba ilikuwa haijakauka vizuri. Wanaume walipokuwa wanaliingiza sebuleni nililishika pembeni lisigonge fremu ya mlango, na nilipoachia, kiganja changu kilikuwa kinanata. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa tena kwa mafuta ya taa. Bado wakati wa ibada, kila nilipoinua mkono kufuta uso, harufu ile ilikuwa pale pale, tamu na kali, kama asali iliyoungua. Waliokaa karibu yangu walidhani namlilia baba. Nilikuwa namlilia, sikatai. Lakini harufu ya vanishi mbichi kwangu mimi ni harufu ya mwanamke mmoja niliyemchukia kabla sijamwona. Aliitwa Rosalia, na alikaa Singe.

Jina hilo nililipata kwa mama. Baba yangu alikuwa seremala, na watu wa Babati walisema hakuna anayemfikia kati ya wote waliopiga randa pale nyuma ya soko. Vitanda, makabati, madawati ya shule, hata kiti cha padri kanisani, vilitoka mikononi mwake. Sasa njoo nyumbani kwake. Mlango wa jikoni ulikuwa gunia. Mimi na wadogo zangu wawili tulilala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, na wakati wa masika unyevu ulipanda hadi tukaamka na vikohozi. Mama aliuza mbaazi na mahindi sokoni. Alirudi jioni ana vumbi mpaka kwenye kope, akakuta gunia bado linapepea. Baba akianza kufunga kamba za viatu kutoka tena, mama hakuinua macho kwenye sufuria.

"Nenda," alisema. "Rosalia anakusubiri."

"Mama Paulina, usianze."

"Sijaanza mimi. Msalimie mke mwenzangu. Mwambie siku moja na yeye aje apike."

Baba aliondoka. Mama alisonga ugali kama anayepigana na mtu, na sisi tukala, kila mmoja akitazama tonge lake.

Nawaandikia wa rika langu, mliokwenda shule mmebeba kidumu cha maji na ufagio, kwa hiyo mtanielewa. Enzi zetu mtoto hakuuliza. Mambo ya wakubwa uliyaokota vipande vipande, ukayaunga mwenyewe, na ukishayaunga hukuwa na wa kumwonyesha akurekebishe. Mimi niliunga hivi: baba ana mke wa pili Singe, ndiyo maana sisi hatuna mlango. Na nilikuwa na ushahidi. Aliporudi kutoka huko hakunukia vumbi la mbao kama akitoka kazini. Alinukia ile harufu tamu. Kazini alitumia vanishi ya madebe, ya kawaida; hii sikuwahi kuikuta kazini kwake. Nikaamini ni mafuta anayojipaka Rosalia.

Kisha kikaja kitambaa cheupe. Kilishuka na basi la Arusha, robota kubwa, na baba akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mipira bila hata kupita nyumbani. Mimi nilikuwa natoka dukani, nikamwona. Mtoto wa kike wa miaka tisa anajua kitambaa cheupe kingi kiasi kile kinashonwa nini. Nilimfuata kwa mbali hadi Singe, natembea pembeni ya mashamba ya mahindi. Aliegesha baiskeli kwenye nyumba moja yenye cherehani barazani. Mwanamke mrefu, tepu ya kupimia imening'inia shingoni, alitoka akampokea. Wakakitandaza kile kitambaa chini, na baba yangu akapiga magoti juu yake, anachora kwa chaki. Yule mama akasema neno, baba akacheka. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumsikia baba akicheka kwetu.

Mwanamke aliniona. "Karibu, mtoto mzuri," aliniambia. Sikumpa shikamoo. Nilitema mate chini, karibu kabisa na kile kitambaa, nikakimbia.

Nilimkuta mama anapepeta mbaazi uani. Nikamwambia huku nahema kwamba nimemwona Rosalia, ana cherehani, na baba amempelekea kitambaa cha gauni la harusi. Mama aliacha ungo. Alinitazama muda mrefu, kisha akacheka kicheko ambacho kilinitisha zaidi kuliko kama angenichapa.

"Haya," alisema. "Twende ukamjue vizuri."

Alinishika mkono, tukatembea hadi Singe. Tulipopita ile nyumba aliniambia, "Yule ni Mama Fabiano, ni mjane, anashona nguo za watu. Kesho utakuja kumwomba radhi kwa yale mate." Hatukusimama. Tulikwenda hadi kwenye banda la mabati lililokuwa mwisho wa kiwanja alichoacha babu. Niliwahi kuliona kwa mbali na kuambiwa kuna nyoka. Baba alikuwa mlangoni anakunja msasa.

"Mwonyeshe mtoto mke wako," mama alimwambia. "Anamtafuta kijiji kizima."

Nadhani baba alikuwa amengoja miaka mtu amwombe hivyo, hata kama ni kwa kejeli. Alinivuta ndani, akashika turubai kwa mikono miwili, akalifunua taratibu kama anayefunua uso wa mtoto aliyelala.

Ilikuwa mashua. Mashua ya matanga, ndefu hatua kumi na moja za mtu mzima, nilizipima baadaye. Nilikuwa naijua mitumbwi ya wavuvi wetu wa ziwani, magogo yaliyochongwa, mazito, yanayokaa majini kama nguruwe aliyelala. Hii haikuwa ndugu yake na ile. Ubavu ulikuwa mweupe na ulianza mwembamba mbele, ukajaa katikati, ukapungua tena nyuma, bila pembe mahali popote, mpaka jicho lilikosa pa kusimama. Juu sakafu yake ilikuwa ya rangi ya chai kavu, inang'aa, na harufu ile tamu ilitoka hapo. Vishikizo vyote vilikuwa vya shaba, na baba alikuwa amevisugua hadi vikaonyesha nyuso zetu, yangu na ya mama, zimenuna. Nyuma kulikuwa na herufi za dhahabu zilizochakaa: ROSALIA.

"Tazama," baba aliniambia. "Humu hakuna ubao ulionyooka hata mmoja. Kila ubao ulipikwa kwa mvuke, ukakunjwa ungali wa moto, ukapigwa msumari wa shaba usioshika kutu. Anayejua kutengeneza kitanda hajui kutengeneza hii."

Akanisimulia. Iliundwa nchi ya baridi, kwa mti ambao kwetu haupo, na mafundi waliokufa zamani. Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi upande wa Bonga aliiagiza ije kwa meli mpaka Tanga, kisha kwa reli, kisha kwa lori, na babu alikaa nyuma ya lori siku mbili akiishikilia isigongwe. Rosalia lilikuwa jina la mama yake yule mzungu. Kila Jumapili aliiteremsha ziwani, na babu ndiye aliyevuta kamba za tanga. Baba mwenyewe, akiwa mdogo hajaanza shule, alipakiwa mara moja tu. Alisema hakusikia mashua ikienda. Alisikia maji yakinong'ona chini ya mbao, akaona mlima Kwaraa unageuka. Yule mzungu alipoondoka nchini alibeba mabegi mawili, akampa babu ufunguo wa banda na karatasi ya umiliki. Babu hakuwahi kuirudisha majini. Alifuga kuku ndani yake hadi alipokufa.

"Umesikia?" mama alisema kutoka mlangoni. "Kuku walikuwa na nyumba nzuri kuliko watoto wako."

Mimi nilichukia zaidi kuliko mwanzo. Mke wa pili ningemwelewa. Kila mtaa ulikuwa naye. Lakini kuachwa sakafuni kwa ajili ya mbao? Na kibaya zaidi ni kwamba ilikuwa nzuri. Macho yangu yaliipenda bila ruhusa yangu, na hilo nalo nililiweka kwenye hesabu ya makosa yake.

Hatukuwa peke yetu kwenye chuki hiyo. Baba alikuwa na kaka yake, baba mkubwa Shauri, mkulima wa Sigino, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Kiwanja kile cha Singe babu aliwaachia wote wawili, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa banda. Baba mkubwa alitaka mashua itoke ajenge. Siku moja nilikuwa nimempelekea baba chakula, nikakuta wanasemezana juu ya ubavu wa mashua kama watu waliotenganishwa na ukuta.

"Ikate," baba mkubwa alikuwa anasema. "Mbao nzuri hizo. Wape wanao vitanda."

"Hii ni heshima ya baba yetu."

"Heshima? Wewe ulipakiwa mara moja ukiwa kitoto, ukanunuliwa peremende. Mimi nilikuwa nafanya kazi pale. Nilimwona baba yetu akipigwa kofi kwa sababu ya mkwaruzo. Huo hapo, karibu na mkono wako. Mtu mzima, mbele yangu, akasema asante bwana. Nikiiona hii mashua nasikia lile kofi. Ningekuwa na moyo ningeichoma moto."

"Ichome basi," baba alisema. "Ichome uone."

Maneno hayo niliyasikia mimi, na aliyasikia Mama Fabiano aliyekuwa ameleta vipimo vya tanga alilokuwa anashona. Baadaye yalitosha kuwa ushahidi.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napazunguka. Mwaka ule baba aliniahidi kitanda. Alinunua mbao za mninga, akaziegemeza nyuma ya nyumba zikauke, na kwenye ubao mmoja akaandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: KITANDA CHA PAULINA. Kila nikitoka shule nilikwenda kuzigusa. Siku moja sikuzikuta. Mama alisema hajui, na jinsi alivyosema nilijua anajua.

Jumamosi, siku moja kabla ya mashua kuteremshwa, nilipeleka chakula Singe. Baba alikuwa anatoka kwenda kwa Mama Fabiano kuchukua tanga. "Ningoje hapa," alisema, "usiguse rangi, haijakauka." Aliniacha na banda wazi. Nilipanda ngazi nikaingia ndani ya mashua kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na sehemu ya sakafu iliyooza ambayo alikuwa ameibadilisha kwa mbao mpya. Kwa juu zilikuwa zimeshapakwa vanishi. Nilipochuchumaa kutazama kwa chini, kwenye giza lile, niliona penseli. CHA PAULINA. Neno la kwanza lilikuwa limekatwa na msumeno.

Sikulia. Nakumbuka utulivu niliokuwa nao. Nimewahi kuuona tena kwa watoto ninaowafundisha, kabla hawajafanya jambo baya kweli. Baba alikuwa amenieleza kalafati ni nini: ile pamba iliyosokotwa inayopigwa kwa patasi kati ya ubao na ubao, ikazibwa kwa puti na kupakwa rangi. "Uzi huu ndio uliosimama kati ya mtu na ziwa," alisema, na alijivunia alivyonieleza vizuri. Nilishuka, nikachukua bisibisi, nikaingia chini kabisa, pale mbao za kwanza zinapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Puti ilikuwa bado laini. Pamba ilitoka yote kwa mpigo, kama utumbo wa kuku, urefu wa mikono yangu miwili nikiitanua. Nilipoona mwanya mweusi nikaogopa baba ataugundua. Kwenye ndoo yake ya kunawia kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Nilikikata, nikakikanda kwa mate, nikaziba, nikasawazisha kwa kidole, nikapaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo. Kazi safi. Mimi ni mtoto wa fundi. Ile pamba niliitupa shimoni chooni.

Nilidhani itavuja wakiiteremsha, watu watacheka, baba ataona aibu, atazirudisha mbao zangu. Sikufikiri kwamba sabuni huyeyuka taratibu.

Jumapili, baada ya misa, trekta liliivuta hadi ziwani, ikiwa juu ya magogo, na nusu ya mji ilikuja. Mlingoti uliposimamishwa watu walinyamaza. Wazee wawili waliowahi kuiona zamani walivua kofia. Hata baba mkubwa alikuja, akasimama mbali, mikono amefumbata. Ilipoingia majini haikuvuja. Ilielea, ikajiweka sawa, na uweupe wake ukaonekana mara mbili, juu na chini. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliniita mbele ya watu wote.

"Paulina. Wewe ndiye wa kwanza."

"Sitaki."

"Unaogopa?"

"Sitaki."

Uso wake ulishuka. Watu walianza kunong'ona, na hapo mama, ambaye alikuja kwa sababu tu majirani wangemsema asipokuja, akavua viatu.

"Basi nitapanda mimi," alisema. "Miaka yote hii, acha na mimi nikae naye." Akanipa viatu. "Nishikie."

Nilifungua mdomo. Nina hakika nilifungua. Lakini wavuvi walikuwa wameshamshika mama mikono, na baba alikuwa anamtazama kwa mshangao, kama aliyepewa kitu asichoomba, na mimi nikafunga mdomo nikashika viatu.

Tanga lilipopanda, upepo wa mchana ulilijaza. Nimeishi nikaona vitu vizuri, lakini sijaona kitu kikiondoka vile. Haikufanya kelele. Iliinama kidogo upande mmoja, ikakata maji, ikaenda kati ya ziwa mpaka mama na baba wakawa vichwa viwili tu. Kicheko cha mama kilitufikia juu ya maji. Watu ufukweni wakaanza kucheka nao bila kujua kwa nini. Mimi niliwachukia wote wawili kwa furaha ile, na papo hapo niliogopa, nikavikumbatia viatu vya mama.

Ilipogeuka kurudi ilikuwa imeinama zaidi. Kisha haikunyooka. Tuliona baba akichota maji kwa kofia, halafu kwa mikono. Upande ule ulikuwa wa matete, na viboko walikuwa wametoa pua. Mama hakujua kuogelea. Wavuvi walirukia mitumbwi, na aliyekuwa wa kwanza kuingia majini, na viatu vyake na suruali yake ya Jumapili, alikuwa baba mkubwa Shauri. Yeye ndiye aliyemfikia mama, akamshika kwa kitambaa cha kichwani kisha kwa nywele, akampandisha kwenye mtumbwi. Baba alitolewa akiwa amekumbatia mlingoti. Rosalia alikwenda chini polepole, wima, tanga likiwa bado jeupe, mpaka ikabaki ncha ya mlingoti.

Siku tatu baadaye baba na wavuvi waliivuta kwa kamba hadi kwenye kina kifupi. Alipiga mbizi, akapapasa chini yake kwa vidole vinavyojua kila ungio. Alipoibuka hakuwa na rangi usoni.

"Pamba haikutoka," alisema. "Imetolewa."

Ufunguo wa pili ulikuwa wa nani? Nani alisema ataichoma? Na kwa nini alikuwa wa kwanza kuruka majini, kama si kwa sababu alijua kitakachotokea? Hivyo ndivyo baba alivyounga vipande vyake. Alikwenda Sigino na nyundo ya mbao. Baba mkubwa alinyoosha mkono wa kulia kujikinga, na nyundo ilivunja vidole vitatu ambavyo havikupona sawasawa. Tangu siku hiyo jembe alilishika kwa shida. Ukoo ulikaa kikao. Baba alitozwa dume la ng'ombe kwa kumpiga kaka yake mkubwa. Alilitoa, lakini radhi hakuomba. Baba mkubwa alikana mara mbili mbele ya wazee. Mara ya tatu alipoulizwa alinyamaza, na watu wakasema kunyamaza kwake ni kukiri.

Mimi nilikuwa pale, nimekaa na wanawake, nasambaza vikombe vya chai.

Mashua iliozea kwenye matete. Wavuvi walichukua shaba, watoto wakachukua misumari. Baba aliokoa mbao zile za mninga tu, akazipiga randa upya, na mwezi uliofuata alinitengenezea kitanda. Alikileta, akakiweka pembeni, na jikoni akatia mlango. Nilikilalia hadi nilipokwenda sekondari ya bweni. Masika kilinuka tope la ziwa. Nyumbani kwetu hakukuwa na ugomvi tena, lakini si kwa sababu ya amani; baba alikuwa hana kitu cha kupigania. Alifanya kazi, alikula, alilala. Jina la kaka yake halikutajwa. Mama naye, aliyeokolewa na mkono ule, alimchukia kuliko wote. Alisema aliyekuchimbia shimo hapati shukrani kwa kukutoa.

Ndiyo maana siku ya mazishi, baba mkubwa Shauri, mzee sasa, mwenye fimbo, aliishia getini. Mama alikuwa ametoa agizo. Alisimama nje jua lote hadi jeneza lilipotoka, akavua kofia likipita, akaondoka na bodaboda. Nilimwona. Nilikuwa bado nanata kiganjani.

Siku ya nne nilikwenda Sigino. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Wewe ni Paulina." Hakunikaribisha kukaa. Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda, nikamwambia yote: penseli, bisibisi, pamba, sabuni. Nilisema haraka nisije nikaacha. Alipukuchua hadi gunzi likabaki tupu, akalitupa kwa mbuzi.

"Sabuni," alisema.

"Sabuni ya mche."

Alichukua hindi jingine. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani nilikuwa nimejiandaa pia kusamehewa. Mtu akibeba kitu miaka yote hiyo hudhani wa upande wa pili amekuwa akimngoja na mikono wazi.

"Kabla hajafa," aliuliza, "alikuwa anasikia?"

"Alikuwa hawezi kusema. Lakini alikuwa anasikia. Ukimuuliza kitu anakubonyeza mkono."

"Wewe ulikaa naye?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," alisema. "Unamshika mkono. Hukupata nafasi."

Nilitazama maganda chini ya magoti yangu.

"Ungekuja mwezi uliopita ningeinuka hapa nikakukumbatia," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Sasa umeniletea mimi ambaye najua tangu mwanzo kwamba sikufanya. Mimi sina shida ya kuambiwa. Aliyetakiwa kuambiwa umemzika. Jumamosi mnaanua tanga. Utasimama mbele ya ukoo, mama yako akiwepo, useme kama ulivyosema hapa. Usipunguze sabuni. Ukimaliza, mimi nitaingia getini. Sasa nenda."

Nilisema. Jumamosi, uani, baada ya sala, nilisimama kati ya viti vya kukodi nikasema, na sikupunguza kitu. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza nilisikia fimbo ya baba mkubwa kwenye changarawe. Alikuwa nje ya geti muda wote. Wazee walimwachia kiti cha mbele. Mama aliinuka, akaingia jikoni, nikadhani amekwenda kulia. Alitoka na sahani ya pilau na bakuli la maji, akapiga magoti kwa taabu ya magoti yake mabovu, akamnawisha shemeji yake ule mkono uliopinda, kidole kimoja kimoja. Baba mkubwa aliuacha mkono wake hapo. Kisha alikula. Hakunitazama, na hadi leo nikimpigia simu anaitikia salamu, ananiuliza wanafunzi wangu, anakata.

Jioni wageni walipoisha nilibaki na mama tunaosha masufuria. Alinipa mgongo muda mrefu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia angeweza kufa siku ile, na kwamba sijawahi kukaa siku nzima bila kulifikiria.

"Kufa," mama alisema, kama neno lenyewe halikumhusu. Alisugua. "Nilikaa na baba yako miaka arobaini na zaidi, Paulina. Siku ile alinionyesha mlima unavyogeuka. Aliniambia nishike usukani, akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikaona mtu niliyeolewa naye. Zilikuwa dakika kumi hivi." Alimwaga maji machafu chini ya mpapai. "Baada ya hapo hakurudi tena yule mtu. Na mimi nikamlaumu Shauri."

Akanisogezea sufuria kubwa, lile lenye ukoko, na stiliwaya.

"Sugua hilo," alisema, akaingia ndani.